Sauti Aliyoazimwa Mchawi

Filamu ninazozipenda mimi hazisemi. Wanangu wananicheka kwa hilo. Wao simu ikipata chaji wanajifungia chumbani kutazama filamu za kutisha, mizuka ya wanawake wenye nywele usoni, na wakichoka kuogopa wanaweka komedi, vijana wanaotukanana na kupigana makofi mpaka mtu hajui kichekesho kiko wapi. Mimi nikisikia muziki wa kutisha unaanza, ule wa polepole, naondoka. Naenda kukaa nje hata kama kuna mbu. Wananiambia, "Mama, iko filamu tu." Nawajibu kwamba najua ni filamu. Sababu yenyewe sijawahi kuwapa yote.

Filamu zangu niliziona Fizi, kule juu mlimani, kwenye parokia, kabla ya vita. Padre alikuwa akitundika shuka ukutani, na mashine yake ililia kama cherehani. Tulitoka kwetu Lubondja kwa miguu, na viazi vitamu vilivyochemshwa vikiwa vimefungwa kwenye majani, tukatembea mpaka Fizi kwa ajili ya mtu mmoja mwembamba aliyebeba ngazi begani. Ndiyo filamu yote. Alikuwa akigeuka kumwamkia mtu, ngazi inampiga polisi. Akigeuka kumwomba polisi radhi, ngazi inamwaga ndoo ya rangi. Hakuna aliyesema neno hata moja, na shule nzima, masista na wauza mihogo waliokuwa wamesimama nyuma, wote walicheka pamoja.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa koko. Ndivyo tulivyomwita mama wa mama yangu. Yeye alicheka kabla mtu hajaanguka. Alikuwa ananishika mkono na kuniambia, "Angalia, sasa ngazi inamugeukia." Kisha inamgeukia kweli, na koko anajipangusa machozi kwa ncha ya kitenge. Njiani kurudi alisema filamu ya namna hiyo ina heshima, kwa sababu mtu akianguka kila mtu anaelewa, Mubembe anaelewa, Mufulero anaelewa, na hakuna anayekudanganya kwa mdomo.

Kulikuwa pia na za kauboi. Mmoja anapiga risasi, mwingine anashika kifua na kuanguka taratibu kama anayetafuta mahali pa kulala, wala damu huioni. Na kulikuwa na moja ya kutisha, ya jumba la mawe, mshumaa, na bwana mmoja mweupe aliyefufuka usiku. Tuliogopa tukiwa tumekaa pale. Tulipofika nusu ya njia tulikuwa tumeshaanza kucheka, kwa sababu nani kati yetu alikuwa na jumba la mawe? Woga wa filamu za zamani ulikuwa na adabu, ulibaki Ulaya. Haukukufuata mpaka jikoni kwako.

Vita vilipofika Lubondja tulishuka Baraka, mji wa ziwani, kama walivyoshuka wengine. Mji ulikuwa mikononi mwa askari wa uasi, milima ilikuwa mikononi mwa vijana wa msituni, na sisi raia tulikuwa katikati, tukiogopa hawa asubuhi na wale jioni. Baba alikuwa amevuka ziwa kwenda Tanzania kabla njia hazijafungwa. Tulibaki mama, koko, kaka yangu mkubwa na mimi, msichana niliyekuwa ndiyo kwanza nimevunja ungo, katika nyumba ya udongo karibu na ziwa. Tulikuwa hatuna shamba. Kaka hakuwa na kazi nyingine isipokuwa mdomo wake.

Akawa mtafsiri wa filamu. Sijui kama kazi hiyo bado ipo. Ukumbi wa video ulikuwa na kuta za matofali mabichi, turubai madirishani, mabenchi, na televisheni juu ya meza. Jenereta ilinguruma nyuma, na bafle moja, spika kubwa, ilitundikwa nje ukutani ili iite wateja. Filamu zilionyeshwa mchana, kwa sababu jioni askari hawakutaka kuona mtu njiani. Nyingi zilikuwa za Kiingereza au Kichina. Kaka hakujua Kiingereza wala Kichina. Asubuhi aliitazama filamu peke yake, akaelewa alichoelewa, na mchana alishika mikro, kile kipaza sauti, akampa kila mtu wa kwenye filamu sauti yake kwa Kiswahili chetu. Bwana wa karate alipewa sauti ya katekista wa Fizi. Jambazi alipewa sauti ya mwanajeshi mmoja wa kwenye barrière, kile kizuizi cha barabarani, lakini hiyo kaka aliifanya tu akishahakikisha mwenyewe hayumo ndani. Watu walikuja kumsikiliza yeye kuliko kutazama. Kuna waliofumba macho.

Kisha mwenye ukumbi akaleta filamu mpya, za Waafrika wenzetu wa magharibi, na zote zilikuwa za wachawi. Hapo ndipo nilipojua woga mwingine. Hakukuwa na jumba la mawe. Kulikuwa na ua kama wetu, sufuria kama yetu, mafiga matatu, na mwanamke mzee aliyeinama juu ya moto akikoroga chakula cha mtoto wa jirani. Mtoto anakula. Mtoto anatoa povu. Mzee anageuka na kuitazama kamera, macho mekundu. Nilitoka mle ndani, na nilipofika nyumbani nikamkuta koko ameinama juu ya moto, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote ile, akikoroga.

Nilimwogopa koko wangu mwenyewe. Nilisimama pale mlangoni sikuingia mpaka aliponiita.

Sasa, kwetu mjukuu na koko ni watani. Mjukuu wa kiume anamwita koko mke wake. Kaka alikuwa akiingia nyumbani anasema, "Muke wangu, hii sombe haina chumvi, nitakurudisha kwenu." Koko anajibu, "We bwana gani, hata kitanda hauna." Mjukuu ana ruhusa ya kumwigiza koko mbele ya watu, anavyotembea, anavyokohoa, na hakuna wa kumgombeza. Asipofanya hivyo ndipo watu wanauliza kama kuna ugomvi nyumbani.

Basi kaka alipotafuta sauti ya kumpa yule mchawi, alichukua iliyokuwa karibu. Akampa ya koko. Alimpa kikohozi chake, maana koko alikohoa kidogo kabla ya kusema, kama mtu anayebisha hodi. Na akampa maneno yake. Koko alikuwa na maneno aliyomwambia kila mtoto aliyemlisha, wetu au wa jirani: "Kula, baba, kula yote. Usinifie mu mikono." Aliyasema kwa sababu zamani, katika vita vya ujana wake, alijificha msituni na watoto wake, na wawili walimfia mikononi kwa njaa. Mama ndiye aliyebaki. Kwa hiyo koko hakuweza kuona mtoto anapita mbele ya sufuria yake bila kumwita. Sisi tulijua hilo. Waliokaa kwenye mabenchi hawakujua.

Siku ya kwanza ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Majirani zetu walimtambua koko mara moja, wakapigana mabega. Halafu mtoto wa kwenye filamu akala, akatoa povu, na kicheko kikakatika. Kimya kile sikukipenda. Lakini watu walitaka filamu ile tena na tena, kwa sababu iliwachekesha na kuwatisha kwa wakati mmoja, jambo ambalo karate haikuweza. Watoto wa mtaa wakayashika yale maneno. Walikuwa wakikimbizana mchangani, mmoja amejifunika kitenge, anakohoa, "Kula, baba, kula yote," na wengine wanakimbia wakipiga kelele.

Koko mwenyewe alikwenda kutazama. Alicheka, alimwambia kaka kwamba ameolewa na mwanaume mwenye midomo mingi. Lakini usiku, akiwa amelala nami kwenye mkeka, aliniuliza, "Ule mwanamuke wa filamu, banamufanya nini ku mwisho?" Nikamwambia wanamchoma moto. Akajifunika kitenge. Mama aliyesikia kutoka upande wa pili alisema mzaha mzaha hutunga usaha, na kwamba kesho atamwambia kaka abadilishe ile sauti. Alimwambia. Kaka alisema watu wamekwisha kuizoea, akiibadilisha watadai wamedanganywa.

Mvua zilipoanza, ugonjwa wa kuhara uliingia mtaani. Kila mwaka uliingia, kwa sababu tulikunywa maji ya ziwa na ziwa lilipokea kila kitu. Mwaka ule watu walikuwa wengi, waliokimbia kutoka pande zote, na watoto walianza kufa. Mtoto wa jirani yetu wa mlango wa tatu, mvulana mdogo mwenye tumbo kubwa aliyependa kukaa kwetu, alikula viazi kwa koko mchana, na kesho yake akafa. Mama yake alikuwa amesimama uani alipokuwa akilishwa. Alikuwa ameyasikia maneno kwa masikio yake.

Simlaumu yule mama. Najitahidi nisimlaumu. Alilia siku nzima, kisha akasema. Alisema, "Alimwambia asife. Nani anamwambia mutoto asife kama hajui kitu?" Neno hilo likatembea. Mama mmoja wa chumba cha maombi alifunga na kuomba, akatoka akasema ameonyeshwa mulozi, yaani mchawi wa mtaa, ni mzee, ana macho mekundu, na Mungu ameshamtoa hadharani mbele ya watu wote lakini watu walicheka. Lisemwalo lipo, walisema wanawake ziwani, kwenye mawe ya kutekea maji, na kama halipo laja. Nilipofika na ndoo yangu walinipisha. Hawakunitukana. Walinipisha tu, mpaka nikafika mbele kabisa bila kusubiri, nikachota nusu ndoo nikaondoka.

Watu wa siku hizi wanapotazama filamu ya kutisha wanajua itakwisha saa ngapi. Mimi sikujua. Nililala nikiogopa na kuamka nikiogopa. Katika mtaa mwingine, mwezi uliotangulia, vijana walikuwa wamemchoma bibi mmoja kwa esansi, yaani petroli, nyuma ya soko, na askari walisimama mbali wakisema mambo ya walozi ni ya raia wenyewe. Kila nilipopita karibu na jenereta ya ukumbi na kusikia ile harufu, niliziba pua nikaongeza mwendo. Koko aliacha kuwaita watoto. Hata hivyo alipika kwa wingi, kwa mazoea, na chakula kililala.

Kaka alikwenda kwa mkubwa wa vijana wa mtaa. Walikuwa wamekwisha kupanga kwamba Jumapili, watu wakitoka ibadani, koko ataletwa kiwanjani aulizwe. Sote tulijua kuulizwa ni nini. Nilimfuata kaka, nikasimama nyuma yake. Alieleza utani wetu, ambao wao pia walikuwa nao majumbani kwao. Alisema ile sauti ni yeye aliyeitia, koko hana kosa, filamu yenyewe imetengenezwa na watu wasiojua hata Baraka iko wapi.

Yule kijana alimsikiliza vizuri, bila hasira. Akasema, "Mbona haukumupa sauti ya mama yako? Ao ya katekisita? Wanawake wazee bako wengi hapa. We ni mujukuu, unalala mu nyumba yake, unamujua. Njo maana ulimupa ile sauti."

 Ndiyo mara ya kwanza nilimwona kaka hana sauti ya kumpa mtu. Utani uliompa ruhusa ndio uliokuwa umegeuka ushahidi.

Akaomba kitu kimoja. Akasema Ijumaa ataonyesha filamu ile bila kutafsiri. Atazima sauti yote, hatashika mikro, na koko atakaa mbele kabisa ili watu wamtazame yeye na wamtazame yule wa kwenye televisheni, waone kwamba ni watu wawili. Kaka alikuwa anakumbuka shuka la padre, nadhani. Alikuwa anaamini kwamba mtu akiona kwa macho bila kudanganywa na mdomo, ataelewa. Yule kijana akakubali. Labda naye alitaka kuona.

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa chini. Koko alikaa benchi la mbele kati ya mama na mimi, amevaa kitenge chake cha kanisani. Nilikuwa nimemshika mkono. Kaka alisimama kando ya televisheni, mikono nyuma, mikro ikiwa mezani. Filamu ikaanza. Ilikuwa ajabu kuitazama bila sauti. Yule mwanamke hakuwa anafanana na koko hata kidogo, alikuwa mnene, mweusi zaidi, ana pengo. Alikuwa mtu anayeigiza, na bila sauti uliona kwamba anaigiza, uliona anavyosubiri kabla ya kugeuka. Nilianza kupumua. Nilimgeukia mama, naye alikuwa ameanza kupumua.

Kisha tukafika kwenye sufuria. Mwanamke akainama, akakoroga, akafungua mdomo. Na nyuma yetu mtu mmoja akakohoa, kile kikohozi kidogo cha kubisha hodi. Mtu wa pili akakohoa. Na ukumbi mzima, wanaume, wanawake na watoto, pamoja, kwa sauti ya chini, wakasema, "Kula, baba, kula yote. Usinifie mu mikono."

Walikuwa wanayajua yote kwa moyo. Filamu iliendelea na wao wakaendelea nayo, neno kwa neno, kama kaka alivyowafundisha. Hakuna aliyecheka. Koko hakugeuka nyuma. Mkono wake ndani ya mkono wangu ulikuwa baridi kama samaki, na mimi nilitamani kukojoa, nilitamani kufa, nilitamani jenereta izimike. Kaka alikuwa amekwisha kuziba masikio.

Walituacha turudi nyumbani. Jumapili ilikuwa bado.

Jumamosi mchana kaka alitangaza kwa bafle kwamba kuna komedi, mpya, bure kwa kila mtu. Sijui alimwambia nini mwenye ukumbi. Ilikuwa moja ya zile komedi za kelele, ndugu wawili wafupi wanaomwibia mjomba wao mwenye tumbo, filamu ya kijinga ambayo siku nyingine kaka aliionea aibu. Vijana wote wa mtaa waliingia, na mkubwa wao, kwa sababu siku za vita hakuna mtu anayekataa kucheka bure. Kaka akatuambia tutoke kicheko cha kwanza kikisikika, na tusikimbie.

Tulitoka na mabeseni ya nguo kichwani kama tunaokwenda kufua. Chini ya nguo kulikuwa na sufuria, unga na mkeka. Njia ilipita ubavuni mwa ukumbi, hapakuwa na nyingine. Tulimsikia kaka kwenye bafle, akisema kwa sauti ya mjomba, kwa sauti ya mke wa mjomba, kwa sauti ya mbuzi. Watu walikuwa wanapiga mabenchi kwa kucheka. Sijawahi kusikia kitu cha kutisha kama kile kicheko. Kila kilipopungua nilifikiri sasa wanatoka. Kisha kaka anaongeza kitu, kinapanda tena. Mama alisema bila kugeuza kichwa, "Tembea." Tukatembea. Hata tulipopita nyumba za mwisho niliendelea kumsikia, amefanya sauti nyembamba, amepandisha, akilazimisha filamu iwe ndefu kuliko ilivyokuwa.

Kwenye barrière ya barabara ya Lweba kulikuwa na askari watatu chini ya turubai. Mmoja nilimjua, alikuwa mteja wa ukumbi. Akamuuliza koko, "Mama muzee, unaenda wapi?" Koko akakohoa kidogo, kile kikohozi chake, na akafungua mdomo kujibu. Nilimwona askari ameinua kichwa.

Nikasema, "Iko bubu, afande. Hasemake."

Koko akanitazama. Akafunga mdomo. Akainua mkono na kuonyesha ziwa, kisha beseni, kisha akasugua viganja kama anayefua. Askari akacheka kidogo akatupitisha.

Lweba kulikuwa na mjomba wa mama, mvuvi. Alituvusha kwenda ng'ambo, tukampata baba katika kambi ya wakimbizi. Kaka alikuja baada ya majuma mengi. Vijana walikuwa wamempiga walipojua. Meno yake ya mbele hayakuwepo tena, na kila alichosema kilitoka na upepo. Alipiga magoti mbele ya koko, akajaribu kumwita muke wangu. Koko alimshika kichwa akakiweka mapajani mwake, hakusema kitu. Alikuwa hasemi na mtu yeyote.

Kwa sababu kambi ilikuwa imejaa watu wa Baraka. Kila siku walifika wengine, na kuta zetu zilikuwa za plastiki. Koko alifikiria hilo mwenyewe, hakuna aliyemwomba. Mwanzoni tulidhani atanong'ona nasi ndani. Hakunong'ona. Aliniambia kwa vidole tu, masikio, ukuta, na akakata shingo yake kwa kiganja. Kwenye kambi alijulikana kama yule mama bubu. Miaka ikapita. Tuliporudi kwetu hatukukaa Baraka, tulipanda moja kwa moja Lubondja, lakini watu wa Baraka walikuja sokoni huko pia, kununua mihogo, na koko aliendelea. Nilizaa akiwa hivyo. Alilisha wanangu kwa mkono wake akiwatazama usoni, midomo ikicheza bila sauti. Nilimwogopea kila siku. Hata vita vilipotulia nilimwogopea, maana walozi walichomwa wakati wa amani pia.

Alikufa asubuhi moja, kitandani, kwa uzee wake. Nilipofumba macho yake nililia, na ndani ya kilio nilishukuru kwamba sasa hakuna atakayemfanya kitu.

Kwetu koko akifa wajukuu na vitukuu wanamwigiza msibani, ili watu wacheke na mzigo upungue. Watoto wetu walisimama katikati ya ua mchana kweupe. Mmoja alijifunika kitenge akainama. Walimwigiza anavyoita kuku kwa kupiga paja, anavyokataa chakula kwa kukunja pua, anavyogombana na mbuzi kwa kidole kimoja. Walimpatia kabisa. Waombolezaji walicheka mpaka wakashikana, wazee kwa vijana, watu wa Lubondja na watu wa Baraka waliokuwa wamekuja na malori ya soko. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alijifuta macho akasema, "Masikini, hakusemaka hata neno moja mu maisha yake."

Nilimtafuta kaka. Hakuwa uani. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa karibu na lundo la kuni, uso ukutani. Alikuwa anasema. Bila meno ya mbele, kwa upepo ule, alikohoa kidogo kisha akasema yote: kula, baba, kula yote, usinifie. Ilikuwa yeye. Ilikuwa koko mwenyewe, kabisa kabisa, na ngozi yangu ikasisimka kwa jinsi nilivyokuwa nimemsahau. Aliyarudia, akayarudia tena, machozi yakimtiririka.

Nilichungulia uani kuona kama kuna aliyegeuka. Kisha nikamshika bega.

"Punguza sauti," nikamwambia. "Batakusikia."

Akapunguza.